Homa ya mafua barani Afrika: nani anaifuatilia, na msimu wake ni lini?

Swali. Mwalimu mmoja wa sekondari, msomaji wetu wa Mwanza, ameandika: "Kila ifikapo Oktoba nasikia katika habari kwamba msimu wa homa ya mafua umeanza Ulaya na Marekani, na naona ramani zao zikibadilika rangi wiki hadi wiki. Kwetu Afrika sijawahi kusikia tangazo la namna hiyo, na sehemu kubwa ya bara letu huonekana nyeupe katika ramani hizo. Je, ugonjwa huu kwetu ni mdogo? Nani anaufuatilia, na takwimu zake zinapatikanaje? Mama yangu ana miaka 71 na ana kisukari. Nikitaka apate chanjo, nimpeleke mwezi gani?"

Jibu. Mwalimu, nianze na lililo la hakika. Homa ya mafua inayosababishwa na virusi vya influenza ipo kote barani Afrika, inaua, na katika nchi nyingi inafuatiliwa kila wiki ya mwaka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu kati ya 290,000 na 650,000 hufariki duniani kila mwaka kwa matatizo ya mfumo wa hewa yanayotokana na ugonjwa huu, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba viwango vya vifo vikilinganishwa na idadi ya watu viko juu zaidi katika Afrika kusini mwa Sahara na Kusini-Mashariki mwa Asia kuliko kwingineko. Kwa hiyo ukiona nchi ya Afrika imeachwa nyeupe kwenye ramani, elewa kwamba wiki hiyo hakuna taarifa iliyofika kutoka huko. Hakuna haki ya kuelewa zaidi ya hapo, na karibu yote nitakayoeleza yanatokana na jambo hilo moja.

Sababu ya kwanza ya wewe kutosikia tangazo ni kwamba Afrika haina msimu mmoja wa kutangazwa. Bara letu limelala pande zote mbili za ikweta, toka pwani ya Mediterania hadi Rasi ya Tumaini Jema, na homa ya mafua hufuata hali ya hewa ya mahali na jinsi watu wa mahali hapo wanavyokusanyika. Misri, Tunisia na Morocco huugua wakati wa baridi yao, aghalabu kati ya Novemba na Machi, karibu sawa na Ulaya. Afrika Kusini huugua wakati wa kipupwe chake: msimu huanza kwa kawaida kati ya Aprili na Juni, hufikia kilele katikati ya mwaka, na wanaostahili chanjo huko hushauriwa kuipata kabla baridi haijaingia. Senegal iko kaskazini mwa ikweta, lakini haifuati Ulaya hata kidogo, kwa kuwa huko virusi hivi huongezeka zaidi katika miezi ya mvua, takriban Agosti hadi Oktoba. Ukija kwetu Afrika Mashariki hali inakuwa ngumu zaidi kuipangia kalenda. Takwimu za Kenya, ambazo ni za miaka mingi na zimechambuliwa vizuri, zinaonyesha kwamba virusi hupatikana miezi yote kumi na miwili, na kwamba mara nyingi hutokea vipindi viwili vya ongezeko kwa mwaka, ambavyo havishiki tarehe: ongezeko moja laweza kuja Februari na Machi, jingine wakati wowote baada ya Julai, na mwaka unaofuata mpangilio ukawa mwingine kabisa.

Katika nchi za baridi sababu za msimu zinaeleweka vizuri kiasi. Hewa baridi na kavu huviwezesha virusi kudumu muda mrefu zaidi nje ya mwili, na watu hukaa ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Penye joto la mwaka mzima, baridi haipo ya kuamua lini ugonjwa uanze, hivyo mambo mengine hupata nguvu: mvua zinazowafungia watu ndani, shule zinapofunguliwa, safari, na kiasi cha kinga ambacho jamii imebaki nacho tangu wimbi lililopita. Ndiyo maana mtu wa Mwanza hawezi kuchukua kalenda ya London wala ya Johannesburg akaifanya yake.

Sasa nani anafuatilia. Msingi ni mtandao wa dunia ulioanzishwa chini ya Shirika la Afya Duniani mwaka 1952, ambao leo unaunganisha maabara za kitaifa za influenza katika nchi zaidi ya 120. Barani Afrika baadhi ya maabara hizo ni za miaka mingi na zenye heshima kubwa: Taasisi ya Pasteur ya Dakar, Taasisi ya Pasteur ya Madagaska iliyoko Antananarivo, taasisi ya taifa ya magonjwa ya kuambukiza ya Afrika Kusini, na Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda iliyoko Entebbe. Afrika Kusini imekuwa na madaktari wanaopeleka sampuli za wagonjwa wao maabara tangu mwaka 1984. Nchi nyingi nyingine ziliingia baadaye sana, na kilichozisukuma hakikuwa homa ya mafua ya kila mwaka. Mwezi Februari 2006 homa ya ndege ya H5N1 ilithibitishwa katika kuku nchini Nigeria, kwa mara ya kwanza barani Afrika, na hofu kwamba virusi hivyo vingeweza kuanza kuambukizana kati ya watu ndiyo iliyoleta fedha, mashine na mafunzo, sehemu kubwa kutoka taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa. Kenya ilianza kujenga mtandao wake wa vituo teule, yaani hospitali chache zilizochaguliwa kuchukua sampuli za wagonjwa kwa ajili ya ufuatiliaji, mwaka huo wa 2006. Tanzania ilianza mwaka 2008 kwa hospitali tano, na miongoni mwake ilikuwamo Sekou-Toure ya hapo kwenu Mwanza, pamoja na Mwananyamala ya Dar es Salaam na Haydom ya mkoani Manyara.

Katika kituo teule, kazi inakwenda hivi. Tabibu au muuguzi aliyepewa mafunzo hachukui sampuli kwa kila anayepiga chafya. Anatafuta wagonjwa wa makundi mawili yaliyofafanuliwa kwa namna moja duniani kote. La kwanza ni mgonjwa wa nje mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi lililopimwa, pamoja na kikohozi, ambaye ugonjwa wake umeanza ndani ya siku 10 zilizopita. La pili ni mgonjwa mwenye kikohozi na homa, au aliyekuwa na homa, ndani ya muda huohuo, lakini hali yake imekuwa mbaya kiasi cha kulazwa. Ufafanuzi huu ukibadilishwa kidogo tu, kwa mfano kituo kimoja kikianza kupokea wenye kikohozi bila homa, takwimu zake haziwezi tena kulinganishwa na za jirani wala na za kwake mwenyewe za mwaka jana.

Aliyeingia katika kundi mojawapo huchukuliwa sampuli puani na kooni kwa vijiti maalumu vya pamba, vijiti hivyo huwekwa katika kichupa chenye maji ya kuhifadhia virusi, na kichupa hukaa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 mpaka kifike maabara. Hapa ndipo kazi kubwa isiyoonekana inapofanyika. Umeme ukikatika, kasha la barafu likichelewa stendi, au gari la kupeleka sampuli likikosa mafuta, virusi huharibika na mgonjwa aliyekuwa nao anaandikwa kuwa hana. Maabara hupima kwa PCR, kipimo ambacho wasomaji wengi walikifahamu wakati wa UVIKO-19, hutambua kama virusi ni vya aina A au B, na vikiwa vya A hutambua kama ni H1N1 iliyoenea tangu mwaka 2009 au H3N2. Majibu ya wiki nzima huingizwa katika hifadhidata ya dunia iliyo wazi kwa mtu yeyote, wewe ukiwemo.

Umeuliza takwimu zinapatikanaje. Nami ningependa pia ujue jinsi ya kuzisoma, maana hapa ndipo magazeti yetu hukosea mara nyingi. Taarifa ikisema kwamba wiki fulani Tanzania iliripoti influenza 12, haina maana kwamba Watanzania 12 waliugua. Maana yake ni kwamba kati ya wagonjwa waliochukuliwa sampuli katika hospitali chache, 12 walikutwa na virusi. Vipimo vya mvua vilivyowekwa katika viwanja vichache havikamati kila tone linaloanguka nchini, lakini vikisomwa kila siku mahali palepale vinaonyesha masika yameingia lini na yana nguvu kiasi gani; vituo teule navyo hufanya kazi hiyohiyo.

Kwa hiyo namba ya kutazama ni asilimia ya sampuli zilizokutwa na virusi, na isitazamwe peke yake bila kujua waliopimwa ni wangapi. Chukulia mfano wa kubuni: wiki ya kwanza kituo kimepima watu 100 na kupata 8, wiki ya pili kimepima 40 na kupata 10. Anayehesabu wagonjwa tu atasema ugonjwa umepanda kidogo, kutoka 8 hadi 10. Anayetazama asilimia ataona umeruka kutoka 8 hadi 25 kwa mia. Mwangalifu zaidi atauliza kwa nini waliopimwa wamepungua: je, vijiti viliadimika, tabibu akaanza kuwapima waliozidiwa tu? Kama ndivyo, ongezeko hilo lina shaka, kwa sababu waliopimwa wiki ya pili si watu wa aina ileile. Utafiti mmoja uliokusanya takwimu za nchi 15 za Afrika za miaka ya 2006 hadi 2010 ulikuta virusi vya influenza kwa takriban mmoja kati ya watano wa wagonjwa wa nje waliopimwa, na kwa takriban mmoja kati ya kumi wa waliolazwa. Hicho ni kiasi kikubwa sana kwa ugonjwa ambao wengi wetu huudhania kuwa wa wazungu.

Ili kujua ni watu wangapi wanaugua katika jamii nzima, zinahitajika kazi za namna nyingine, ambamo idadi ya wakazi inajulikana kaya kwa kaya. Kenya ina maeneo ya namna hiyo Kibera jijini Nairobi, Asembo katika Kaunti ya Siaya, na Kilifi pwani. Huko mtafiti anaweza kusema kati ya watoto elfu moja wa umri fulani wangapi waliugua au kulazwa, jambo ambalo hospitali peke yake haiwezi kulisema, kwa kuwa wagonjwa wengi hawafiki hospitali. Hununua dawa dukani, au hupona nyumbani, au hufia nyumbani.

Na hata wanaofika, homa Afrika ina mshukiwa wa siku zote. Kwa miaka mingi mtoto mwenye homa alipewa dawa ya malaria kwa kudhaniwa tu. Ni mwaka 2010 ambapo Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kutibiwa, palipo na uwezo. Kipimo kikionyesha kwamba hana malaria, mara nyingi hupewa antibayotiki, ambayo haina kazi yoyote kwa virusi, na jina la influenza haliandikwi popote. Mimi naona hili ni pengo kubwa kuliko upungufu wa mashine, kwani ugonjwa usioandikwa hautengewi bajeti.

Gharama ya pengo hilo imeonekana waziwazi mara kadhaa. Julai na Agosti 2002, katika nyanda za juu za Madagaska, hasa jimbo la Fianarantsoa, makumi ya elfu ya watu waliugua na mamia wakafa, wengi wakiwa watoto wa vijijini wenye lishe duni na walio mbali na vituo vya afya. Virusi vilikuwa vya H3N2, na havikuwa vya namna mpya. Vilifanana na vile vilivyokuwa tayari ndani ya chanjo ya wakati huo. Mwishoni mwa mwaka 2024 ikawa zamu ya Panzi, katika mkoa wa Kwango, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Dunia ilitangaziwa ugonjwa usiojulikana, na vyombo vya habari vikaanza kuzungumza juu ya janga jipya. Panzi iko mamia ya kilomita kutoka Kinshasa, ilikuwa majira ya mvua, barabara zilikuwa mbovu, na sampuli zilibidi zisafirishwe hadi huko ndipo zipimwe. Ongezeko la wagonjwa lilionekana tangu mwishoni mwa Oktoba. Jibu lilitolewa karibu na mwisho wa Desemba, baada ya kuripotiwa wagonjwa 891 na vifo 48. Yalikuwa maambukizi ya kawaida ya njia ya hewa, influenza ya H1N1 ikiwa miongoni mwake, yaliyokutana na malaria katika miili ya watoto waliokwisha kudhoofika kwa njaa. Nasisitiza kisa hiki kwa sababu kingekuwepo kituo teule kimoja karibu na hapo, chenye vijiti, kasha la barafu na mashine ndogo ya PCR, nina imani neno "usiojulikana" lisingedumu wiki zote hizo.

Kukusanya habari za bara zima kuna ugumu wake pia. Ofisi ya Shirika la Afya Duniani ya Kanda ya Afrika iko Brazzaville, lakini Misri, Sudan, Somalia, Tunisia na Morocco zinaripoti kupitia ofisi ya Cairo, kwa hiyo anayetaka picha ya Afrika yote lazima aunganishe vyanzo viwili. Kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, kilichozinduliwa Januari 2017 na chenye makao Addis Ababa, kinahudumia nchi zote wanachama bila mgawanyo huo, na hilo linasaidia. Kisha, katika taarifa za dunia, nchi zetu hupangwa kwa kanda, na kanda ya mashariki inazikusanya pamoja Ethiopia, Kenya, Tanzania, Msumbiji na Madagaska. Ukichora mstari mmoja wa wastani kwa nchi hizo zote, kilele cha moja hufunikwa na utulivu wa nyingine, na unabaki na mstari bapa usiomfaa mtu yeyote. Ningeshauri kila mara utazame nchi yako na majirani zako wa karibu, na usipoteze muda na wastani wa kanda.

Kwa kuwa kwetu hakuna mwanzo wa msimu ulio wazi, njia wanazotumia Ulaya kutangaza msimu hazifanyi kazi vizuri hapa. Wao huchukua takwimu za miaka iliyopita, huweka kizingiti kutokana na kiwango cha wiki zisizo za msimu, na wiki takwimu zinapovuka kizingiti hicho msimu huwa umeanza. Afrika Kusini hufanya vivyo hivyo na hufanikiwa. Palipo na virusi mwaka mzima, hakuna wiki tulivu za kutosha kuweka kizingiti cha kuaminika, na inabidi kuwe na takwimu za miaka mingi zisizokatika. Hapo ndipo kukatika kunapoumiza. Mwaka 2020 vituo vingi viliacha influenza ili kushughulikia UVIKO-19, na papo hapo influenza yenyewe karibu itoweke duniani kwa sababu ya barakoa, kufungwa kwa shule na kusimama kwa safari. Aina moja ya B, iitwayo Yamagata, haijathibitishwa kuonekana tena ikizunguka tangu Machi 2020. Mashine za PCR zilizonunuliwa wakati huo sasa zinapima magonjwa yote mawili kwa sampuli moja, na hiyo ni faida ya kweli. Lakini utegemezi wa fedha za nje ulibaki palepale, na Marekani ilipotangaza Januari 2025 kwamba inajiondoa katika Shirika la Afya Duniani, kila mkuu wa maabara alijua kinachofuata ni kuhesabu vijiti vilivyobaki stoo. Naandika hili nikimaanisha: vijiti, barafu na mafuta ya gari la sampuli ni gharama ambayo serikali zetu zinaweza kuilipa zenyewe, na zingepaswa kuilipa kabla ya kununua mashine nyingine yoyote.

Sampuli zetu zina kazi nyingine pia. Sehemu ya virusi vilivyopatikana hutumwa London, Atlanta na vituo vingine vikuu, ambako vinasaba vyake husomwa na tabia yake hulinganishwa na chanjo zilizopo. Wataalamu hukutana mara mbili kwa mwaka kuamua chanjo ijayo iwe na nini ndani yake: Februari kwa ajili ya kaskazini mwa dunia, Septemba kwa ajili ya kusini. Afrika ikipeleka virusi vichache, uamuzi huo hufanywa kwa kutazama zaidi virusi vya mabara mengine.

Nimalizie na mama. Mtu wa miaka 71 mwenye kisukari ni miongoni mwa wale ambao homa ya mafua huwaletea nimonia na kulazwa kirahisi, kwa hiyo nia yako ni sahihi. Chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya taifa. Kwa kawaida utaipata kwa kulipia katika baadhi ya hospitali na vituo vya chanjo vya miji mikubwa, na wanaokwenda Hija huipata mara nyingi pamoja na ile ya homa ya uti wa mgongo. Ulizia kabla ya kusafiri na mgonjwa. Chanjo ya fomula ya kusini hutoka viwandani kwa ajili ya matumizi ya kuanzia Machi au Aprili, ya kaskazini kwa matumizi ya kuanzia Septemba au Oktoba. Kwa mkazi wa karibu na ikweta, ambaye virusi humzunguka mwaka wote, ningemshauri apate ile iliyo mpya zaidi kati ya zilizopo, bila kusubiri mwezi maalumu. Mwombe mhudumu akuonyeshe kasha lake, usome mwaka, fomula na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kinga huhitaji takriban wiki mbili kujengeka, hupungua kadiri miezi inavyopita, na virusi vyenyewe hubadilika, hivyo atahitaji kuchanjwa tena kila mwaka. Chanjo hupunguza hatari bila kuiondoa yote, na haizuii mafua ya kawaida. Akipata homa na kikohozi cha ghafla hata baada ya kuchanjwa, mpeleke hospitali ndani ya siku mbili za mwanzo, kwa kuwa dawa za virusi hivi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza mapema, na mwambie tabibu tangu mlangoni kwamba ana kisukari.